Mkoba Mmoja, Bei Mbili

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, nakaa Kwerekwe, lakini kwetu hasa Makunduchi. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Shangani. Mume wangu mwalimu wa skuli.*

*Mwaka huu zamu yangu ya mchezo ilifika. Tuko wanawake 18, tunatoa laki 3 kila mwezi, na miye nilipata namba ya nne, kwa hiyo nilipokea milioni 5 na laki 4. Binti wa ami yangu alikuwa Dubai, nikamtumia pesa zote aninunulie mkoba wa Louis Vuitton, ule wanaouita Neverfull. Nilikuwa nautamani tangu siku nilipomuona nao mgeni mmoja pale kwetu mapokezi. Ukaja na boksi lake na risiti yake.*

*Mume wangu aliponiuliza nilimwambia ni feki, nimenunua Darajani elfu 45. Halafu ikaja harusi ya mwenzangu niliyesoma naye skuli ya Ben Bella. Wenzangu wa huko ndio waliokuwa wakiniita mshamba na kuniigiza ninavyosema. Nilitaka wanione. Mmoja kaushika mkoba, kaupindua, kasema, "Hizi za Kariakoo siku hizi wanazitengeneza vizuri." Nikashindwa kuvumilia, nikataja bei. Upande wetu wote ulinyamaza. Sijafika nyumbani, habari ishafika kwa mama mkwe. Wengine wanasema nina mtu hotelini. Wengine wanasema mkoba ni feki vilevile na bei nimeongopa. Hakuna hata mmoja aliyesema, kanunua kwa pesa zake.*

*Mume wangu hakugomba. Kaniuliza mara moja tu, "Elfu 45?" Tangu siku hiyo ananijibu ninachomuuliza na basi. Tuna msingi wa nyumba Fuoni umesimama tangu mwaka jana. Shangazi, kosa langu ni lipi hasa? Niuuze? Na wifi yangu anataka kuuazima kwa harusi ya mwezi ujao, nimpe?*

*Mama wa Kwerekwe*

Mwanangu,

Mkoba wako una bei mbili. Mwenye haki ya kujua bei ya kweli ulimpa ya uongo, na wasiohusika ukawapa ya kweli. Nitafika hapo, maana ndipo penye kidonda. Lakini kwanza nataka nikutetee, kwa sababu nahisi wengi wanaokuzunguka wameshakupa jina la mwanamke mwenye tamaa, na mimi sikubaliani nao.

Kutamani kitu kizuri ili watu wakuone vingine si jambo lililoletwa na simu wala na watalii. Hapa Unguja, zama za utumwa, mtumwa hakuvaa viatu mbele ya bwana wake, wala hakufunika kichwa. Mwanamke wa shamba alijifunga merikani, au kaniki, ambayo ni merikani hiyohiyo iliyotiwa nili mpaka ikakoza. Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya kuondoa utumwa, mwezi wa Aprili 1897, wanawake waliotoka utumwani walianza kununua. Walinunua kanga za rangi, wakanunua miavuli na viatu, na baadaye wakashona buibui, vazi lililokuwa la wanawake wa nyumba kubwa. Kwa kipato chao hivyo vilikuwa vitu ghali. Mtu anayeuza mbogamboga anabeba mwavuli wa nini? Anaubeba kwa sababu jana alikuwa haruhusiwi. Kila ninapoona picha za zamani za wanawake wa mtaa wa Ng'ambo wamesimama na doti zao mpya, sioni israfu. Naona watu wanaosema kwa nguo maneno ambayo hawakuwa na mahali pengine pa kuyasema.

Wewe uliitwa mshamba na watoto wenzako darasani. Mji huu una maradhi ya kumkumbusha mtu alikotoka. Mwimbaji Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akafinyanga vyungu na kuja kuviuza mjini, na hata alipokuwa ameshasafiri Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, wapo walioendelea kumsimanga kwa asili yake na kwa sura yake. Kwa hiyo ninapokusoma ukisema "nilitaka wanione", sikucheki wala sikulaumu. Msichana wa Makunduchi aliyesimangwa kwa lafudhi yake ana haki ya kuingia ukumbini akiwa ameinua kichwa.

Ninachokuuliza ni kama ulichagua kitu kinachoweza kufanya kazi hiyo katika mji huu.

Tuuangalie mkoba wenyewe. Neverfull ilitoka mwaka 2007. Mwili wake, kama mikoba mingi ya kampuni hiyo yenye zile herufi mbili na maua, si ngozi. Ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki. Ngozi iko kwenye mishikio na pembeni. Pambo lile la herufi alilibuni Georges Vuitton mwaka 1896, na sababu yake moja kubwa ilikuwa waigaji, kwani hata wakati huo masanduku ya baba yake yalikuwa yakiigizwa kila mahali. Basi huyo mwenzako aliyekuambia mkoba wako ni wa Kariakoo ameingia katika ugomvi uliotangulia kuzaliwa kwa bibi zetu. Na pesa uliyolipa, sehemu kubwa haikwenda kwenye turubai wala kwa mshonaji. Mwaka 2024 waendesha mashtaka wa Milan, Italia, walipochunguza mafundi waliokuwa wakishonea kampuni nyingine kubwa, Dior, ilionekana kuna mkoba uliouzwa dukani euro 2,600 wakati kazi ya kuushona ililipwa euro 53, ngozi ikihesabiwa mbali. Sikuambii haya ili ujione umeibiwa. Nakuambia ujue ulinunua nini: ulinunua jina, na jina lina thamani pale tu wanaokuona wanapoliamini.

Jina la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili ya watu wasiojuana. Mwanamke akishuka uwanja wa ndege wa Dubai au akipita mitaa ya Paris, hakuna anayemjua baba yake ni nani wala kapanga wapi. Mkoba ndio unaomtambulisha. Anayemuona hana kingine cha kumpimia. Ndiyo maana watu hulipa pesa zote hizo. Wanalipia salamu ya mtu asiyewajua. Unguja si hivyo. Hapa watu wanakusoma wewe kwanza, ndiyo wausome mkoba. Ukipita barazani, kabla hujamaliza kutoa salamu, wameshajua wewe ni mtoto wa nani, mumeo analipwa lini, na msingi wa Fuoni umeishia tofali la ngapi. Ukitokeza na kitu ambacho hakiingii katika hesabu wanayoijua, hawasemi "katajirika". Wanauliza "kimetoka wapi?" Swali hilo ndilo lililokufuata kutoka ukumbini mpaka kwa mama mkwe wako.

Tena angalia mtego uliokuwamo. Harusini kila mtu ana mkoba wenye nembo, na karibu mikoba yote ni ya elfu 40 au 50. Palipojaa feki, hata orijino husomwa feki. Ulilipa mara mia zaidi ya wenzako, na kwa macho tu mkaonekana mmebeba kitu kimoja. Ili watofautishe ilikubidi utaje bei kwa mdomo wako, na bei ikishatajwa na mwenyewe hugeuka majivuno hata kama moyo wake haukuwa na majivuno. Hapo hukuwa na njia ya kushinda. Ungenyamaza, ni feki. Umesema, unaringa.

Wapo wataalamu waliolitazama jambo hili. Yajin Wang na Vladas Griskevicius wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliandika mwaka 2014 kwamba wanawake wakimuona mwenzao na mkoba wa gharama, hudhani kwamba mwanamume wake anampenda sana na amechangia kuununua, na hilo huwafanya wengine wasimsogelee mwanamume huyo. Huko ni Marekani. Nawe umeyaona hayohayo hapa kwetu, isipokuwa sisi tuna ulimi mkali zaidi: kama si mume, basi ni "mtu wa hotelini". Kinachoniudhi ni kile ulichokiandika mwenyewe, kwamba hakuna aliyesema kanunua kwa pesa zake. Miaka yote hii wanawake wa Unguja wanapokea mishahara, wanacheza michezo, wanasomesha watoto, wanaezeka nyumba za wazee wao, na bado mwanamke akishika kitu cha thamani watu wanamtafuta mwanamume aliye nyuma yake. Lawama hii ni ya wenzako, wala usiibebe wewe. Wanaofanya kazi hotelini wanatukanwa hivi kila siku kwa sababu tu wanazungumza na wageni, na wanaolipwa kwa pesa za wageni haohao ni wengi katika mji huu.

Mtaalamu mwingine, Stephen Garcia, yeye na wenzake walichapisha mwaka 2019 utafiti wao kuhusu urafiki. Watu wakiulizwa wavae nini ili wapate marafiki wapya, huchagua kitu cha jina kubwa. Lakini haohao wakiulizwa wangependa kufahamiana na nani, humchagua aliyevaa kawaida. Fikiria upande wenu ule wa harusini kwa macho hayo. Ulikwenda ukitaka wakukaribishe, na ulichobeba kikawaambia wakae mbali. Kama lengo lako lilikuwa wale wa Ben Bella wakuheshimu, naamini kwa dhati ungewapata vizuri zaidi kwa kuwaambia kwa lafudhi yako ya Makunduchi kwamba wewe ndiye unayepokea wageni wa nchi kadhaa kwa siku, na unawajibu kwa lugha zao.

Sasa kwa mumeo.

Kisharia pesa ulizozifanyia kazi ni zako. Chakula, nguo na pa kulala ni juu yake, na hana haki ya kukuhesabia ulichochuma. Hili ulijue na ulishike, lakini usianze nalo mazungumzo, kwa sababu yeye hakukulaumu kwa hilo. Mtu aliyeuliza "Elfu 45?" na kunyamaza hakuumizwa na mkoba. Kilichomuuma ni kwamba mama yake alijua kabla yake, na akajua kutoka kwa watu wa harusini. Yeye ni mwalimu. Anaingia skuli asubuhi, na katika chumba cha walimu wenziwe wapo ambao wake zao walikuwa ukumbini. Uvumi wa "mtu wa hotelini" umemfikia bila ya kuwa na jibu, na jibu lilikuwa kwako: mchezo, namba ya nne, milioni 5 na laki 4, kijumbe wenu anayekusanya pesa anaweza kushuhudia. Kwa kuficha bei ulimnyima silaha ya kukulinda.

Zungumza naye usiku mmoja baada ya Isha, watoto wakiwa wamelala na simu zote mbili ziko mbali. Mkoba usiwe mbele yenu. Mwambie bei. Mwambie zimebaki zamu 14, yaani milioni 4 na laki 2 ambazo bado hujazilipa, maana nahofia hilo nalo hujamwambia. Halafu mwambie kwa nini ulificha, na hapa usimpambie maneno. Ulificha kwa sababu ulijua atauliza habari za Fuoni. Mwambie hivyohivyo. Mwambie na ya skuli pia, walivyokuwa wakikuigiza. Huenda hajawahi kuyasikia, na mwanamume anayefundisha watoto atayaelewa upesi kuliko unavyodhani. Ukimaliza, nyamaza. Usimjaze machozi ili akusamehe haraka. Akitaka siku mbili za kufikiri, mpe. Na habari ya mama yake muachie yeye. Wewe ukienda kujieleza kwa mama mkwe utageuzwa mshitakiwa, wakati mtoto wake akimwambia "najua, alinambia, ni pesa za mchezo," mlango umefungwa.

Kuhusu kuuza, ushauri wangu ni usiuze wiki hii. Ukiuuza sasa watasema ulikuwa feki na umeutupa, au yule mtu kauchukua. Uamuzi huu uutoe kwenye maneno ya watu, uupeleke kwenye laki 3 ya kila mwezi. Kaa na mshahara wako. Ikiwa unaweza kulipa zamu zote 14 bila kugusa chakula wala ada, bakia na mkoba wako kwa amani. Ikiwa kuna mwezi hata mmoja utakaohitaji kukopa ili ulipe, uuze, kwa sababu kilichokuja kwa jina la mchezo kitakuwa kimegeuka deni, na wenzako 14 wanaosubiri wana shida zao. Ukiuza, ujue hutapata ulichotoa. Kuna mikoba michache sana inayopanda bei, kama Birkin ya Hermès, ambayo ya kwanza kabisa, aliyotengenezewa Jane Birkin mwenyewe, iliuzwa mnadani Paris mwezi wa Julai 2025 kwa euro milioni 8.6. Wako haumo katika kundi hilo. Dubai yapo maduka yanayonunua mikoba iliyotumika, na watataka kuona risiti, boksi na mfuko wake wa kitambaa, kwa hiyo visipotee. Hapa ndipo bibi zetu walipotushinda akili: waliotaka kujipamba na kuweka akiba kwa pamoja walinunua dhahabu, ambayo sonara anaiweka kwenye mizani na kukupa pesa zako siku hiyohiyo, bila kukuuliza uliinunua wapi wala nembo yake nini. Mchezo ujao ukitaka pambo, nenda kwa sonara. Na ukiniuliza mimi, zamu ijayo iende Fuoni yote, na umwambie mumeo hilo usiku huohuo.

Ukibaki nao, ubebe. Usiufungie kabatini ukisubiri harusi. Mkoba ule umeshonwa kuwa wa kila siku. Tia chakula chako cha mchana, kanga ya kusalia na daftari za watoto, upande nao daladala asubuhi. Watu wakiuona kila siku katika mkono wa mtu anayekwenda kazini watauzoea, na baada ya mwezi mmoja utakuwa mkoba wako tu. Lakini uangalie na hewa yetu. Chumvi ya bahari na unyevu wa masika ni adui wa mishikio ile ya ngozi. Huota ukungu wa kijivu ukiwa umefungiwa. Usiutie ndani ya mfuko wa nailoni. Ujaze makaratasi makavu, uufunike kwa kitambaa chake, na uuweke mahali panapopita upepo, mbali na jua la dirishani. Ukilowa na mvua, ufute kwa kitambaa kikavu palepale, usisubiri ufike nyumbani.

Wifi yako usimpe. Najua uzito wa kumnyima wifi, hasa sasa ambapo upande ule wote wanakutazama. Lakini ukimpa, mkoba utaingia ukumbi mwingine, ataulizwa ni wa nani, na hadithi itaanza upya ukiwa hupo kuijibu. Ngoja mpaka umeshazungumza na mumeo, halafu mkae wawili, mwambie, "Wifi yangu, mkoba huu umeniletea maneno, sitaki yakufuate na wewe." Muazime kidani chako cha dhahabu kama unacho, na mkufu kama anaupenda. Jioni ya siku moja kabla ya harusi mchukue ukampeleke mwenyewe kutiwa hina, na ulipe wewe.

Wassalaam,

Shangazi